Mrejesho wa mwisho wa kiangazi: kamera, vumbi la Serengeti na maisha ya nyumbani

KIBATARI (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za siku nyingi. Wale tuliokuwa pamoja kwenye uzi wa masika mnakumbuka niliaga nikisema nafunga fremu yangu ya picha mjini, kazi naihamishia nyumbani, na mrejesho nitauleta kiangazi kikiisha. Basi huku Arusha kiko ukingoni: vumbi linaingia hadi kwenye chai, mijakaranda imeanza kutoa maua, kila mtu anatazama juu akiulizia vuli. Uzi ni mrefu, asiye na bando asubiri waifai ya ofisini.

Fremu nimeifunga na roho imetulia. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kijana wa kukaa kaunta, umeme, mashine ya EFD ya risiti za kodi, vyote hivyo vilikuwa vinabebwa na picha za pasipoti. Siku hizi mtu anajipiga kwa simu mbele ya ukuta, programu inamfutia ukuta, steshenari inamchapia nane kwenye karatasi moja. Sishindani na hilo.

Kinacholipa sasa ni harusi, wageni wa porini na familia. Kwa wasioijua kalenda yetu ya kaskazini: Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa, Majilio hivyo hivyo, Ramadhani kimya, masika barabara za vijijini hazipitiki. Pesa ya mwaka inatafutwa kwenye Jumamosi za Juni hadi Novemba. Msimu huu nilipunguza harusi kwa makusudi na nikapandisha bei. Mke wangu aliniangalia kama ndio nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini kamati zinazokimbia bei ndizo zilezile zilizokuwa zinanisumbua kwenye salio, kwa hiyo zimenipunguzia kazi mara mbili.

Utaratibu wangu sasa: nusu ya malipo siku ya kushika tarehe, nusu nyingine wiki mbili kabla ya harusi. Hakuna "tutamalizana ukumbini". Mpiga picha kwenye bajeti ya kamati anawekwa chini kabisa, baada ya ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC na muziki. Na Jumapili asubuhi kamati haipo tena duniani. Mweka hazina kazima simu, bwana harusi yuko fungate Zanzibar, wewe umebaki na picha elfu mbili za kuchambua na mafuta ya gari uliyokopa.

Mwanga. Julai na Agosti mwanzoni Arusha na Moshi huwa na mawingu mazito hadi mchana, watu wanalalamika baridi, mimi nashangilia, maana wingu zima linakuwa taa moja kubwa laini na nyuso zinatoka zenyewe. Shida inaanza Septemba. Arusha iko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku za mwanzo wa Oktoba jua la saa sita na nusu mchana linasimama utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli hadi mdomoni. Na kamati nyingi zinapanga picha za bustani mara tu baada ya ibada, saa nane! Nimeanza kuwaandikia kwenye mkataba: baada ya ibada tunapiga za ukoo kwenye baraza la kanisa, maharusi wanakula kitu na kupumzika, bustani ni kuanzia saa kumi na moja. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza letu halibembelezi, dakika ishirini umeshawasha fleshi. Huo muda wa saa moja na kitu kabla ya giza ndio albamu nzima.

Porini nilikwenda na wageni wa kampuni moja ndogo kama mwalimu wao wa picha. Wote wanataka kitu kimoja, nyumbu kuvuka mto Mara. Kutoka Arusha hadi Kogatende, kwenye mto huo kaskazini mwa Serengeti, kwa gari ni siku nzima, unapita Ngorongoro, Naabi, Seronera, ndipo unapanda kaskazini. Ukifika unakuta magari yamejipanga ukingoni kuliko nyumbu wenyewe. Nitasema ninachoamini na mnipige mawe: picha ya kuvuka mto imechoka. Kila mtu anayo, kutoka pembe ileile, na mara nyingi imepatikana kwa magari kuziba njia ambayo wanyama walitaka kushukia. Nyumbu wakiona njia imezibwa wanarudi nyuma, wanazunguka, wanasubiri jua likiwawakia, na wengine wanajirusha pasipofaa. Halafu mtu anaenda kuandika chini ya picha yake kwamba ni maajabu ya asili.

Nikiachiwa kuchagua, Septemba nampeleka mgeni Lobo, kwenye miamba, au nabaki Seronera kando ya mto kumtafuta chui. Majani yamekauka na ni mafupi, maji yamebaki sehemu chache, wanyama wanajileta. Saa tatu asubuhi tunaweka kando lenzi ndefu, maana ardhi ikishapata joto mazigazi yanaanza kucheza na hata lenzi ya bei ya gari la Noah inatoa simba aliyeyeyuka. Moshi wa nyasi zilizochomwa unafanya jua la jioni liwe jekundu bila mtu kugusa kompyuta.

Vumbi sasa. Nyanda za kusini mwa Serengeti zimefunikwa na majivu ya volkano za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, na ule ungaunga ukipanda unaingia popote. Usibadilishe lenzi gari likitembea. Usipulize sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha, kwa mdomo, mate hayo. Nunua pulizo la mpira, shikilia kamera imetazama chini, puliza. Ukitaka kujua hali yako, bana tundu la lenzi hadi f/16 upige anga tupu. Utakachokiona kitakuondolea usingizi.

Nyumbani: mtoto wa pili alizaliwa Juni, wote wazima. Mama mkwe alikuja kumlea mzazi, na yeye ndiye kageuza biashara yangu. Kila nikimwonyesha mjukuu kwenye simu anasogeza mkono pembeni. "Hii si picha, baba. Hii ni taa. Ukiondoka nayo nabaki na nini?" Nikanunua printa ndogo ya postikadi, ile inayopitisha karatasi mara nne, njano, nyekundu, buluu, halafu tabaka la kuilinda. Nikamchapia. Akaweka kwenye Biblia. Wiki iliyofuata akaja jirani, halafu mama wa kanisani, halafu mwenyekiti wa jumuiya na familia nzima wamevaa vitenge vya sare.

Toka hapo kila harusi ninayopiga nauza karatasi. Flash ya kuhifadhia picha simpi mtu bila karatasi. Flash inapotea, simu inaibwa, WhatsApp inaibana picha hadi inabaki stempu. Nendeni Mji Mkongwe, Zanzibar, mkaone Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kuta zimejaa watu waliokufa zamani, na nyuso zao bado unazisoma. Nani ataisoma flash ya 2014?

Maswali karibu. Mgongo unauma, najibu nikiwa nimelala.

BODABODA MSTAAFU

Mkuu hongera kwa mtoto. Uzi bila picha ni kama nini vile? Tupia hata moja ya chui.

KIBATARI

Chui ni wa wageni, tulikubaliana nao picha za safari ile zibaki kwao hadi watoe zao. Nitatupia mijakaranda.

BODABODA MSTAAFU

Mijakaranda hata mimi ninayo kwenye simu.

KAHAWA CHUNGU

Nimeweka kambi hapa. Ila hilo la nyumbu nakupinga, mkuu. Mimi ni dereva wa wageni. Mtu kalipa dola zake kaja mara moja maishani, mpeleke Lobo akaangalie mawe? Akirudi kwao bila mto Mara ananiandikia maneno mabaya mtandaoni na bosi ananiita. Nyie wa kamera mnapita, sisi tunabaki na lawama.

KIBATARI

Kahawa, hapo umenigusa na nakuelewa. Sisemi wasiende. Nasema tukienda, tusimame mbali na njia yao ya kushuka, injini izimwe, na mgeni abaki ndani ya gari. Zile video za watu walioshuka na kusimama ukingoni zilituaibisha wote, na kule mtoni aliyeonekana vibaya ni dereva, si mgeni. Mgeni mwenyewe ukimweleza usiku kambini, kabla ya mto, kwa nini utasimama mbali, wengi wanakubali. Ukimweleza ukiwa tayari pale huku gari la jirani limesogea, hakuna anayekusikia.

KAHAWA CHUNGU

La kuwaeleza usiku kabla nalichukua. Mengine tutaongea ukinunua nyama choma.

WANJA MWEUSI

Habari kaka. Mimi napamba maharusi hapa Moshi, nina la kusema na wapiga picha wote. Bibi harusi anatoka mikononi mwangu amependeza, rangi imekaa, kila mtu anapiga vigelegele. Picha zikitoka uso umekuwa mweupe kama unga na shingo nyeusi, na lawama ni yangu. Nyie mnafanya nini na hizo fleshi zenu?

KIBATARI

Dada Wanja, karibu. Hapa tugawane kesi. Poda nyingi za kumalizia zina silika, na krimu za kuzuia jua zina titani au zinki. Kwa macho hazionekani, lakini fleshi ikipiga usoni moja kwa moja zinarudisha mwanga wote kwenye lenzi. Wewe ukimaliza, zima taa, mpige kwa simu yenye fleshi kwa karibu. Uso ukirudi mweupe, punguza poda kabla hajavaa shela. Sisi upande wetu tuache kumulika watu machoni. Elekeza fleshi kwenye dari au ukuta mweupe, au weka mwavuli pembeni. Kwenye hema jeusi la usiku hakuna dari ya kurudisha mwanga, hapo msaidizi ashike taa kwa mkono upande mmoja.

WANJA MWEUSI

Ya simu naijaribu Jumamosi. Lakini pia semeni ukweli, kuna wenzenu wanawachubua wateja wangu kwenye kompyuta. Mtu kaja mweusi wa kupendeza, albamu inarudi na mtu mwingine.

KIBATARI

Mkorogo wa kompyuta. Upo na unaombwa. Karibu kila msimu ananijia mtu ananinong'oneza, "unaweza kuning'arisha kidogo?" Ninachofanya: nainua mwanga wa uso mpaka ngozi ionekane umbile lake, ule ukijani wa majani nauondoa, chunusi ya wiki hii nafuta. Rangi sigusi. Akisisitiza namwonyesha mbili pembeni, ile iliyopigwa vizuri na ile iliyong'arishwa, na mama yake akiwepo huwa anamaliza mjadala yeye.

Na hili lina historia. Zamani maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Kodak ziliitwa Shirley, na mashine zikarekebishwa ili ngozi ile itoke vizuri. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba moja ya misukumo ya kuboresha rangi za kahawia ilitoka kwa watengenezaji wa fanicha na chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishiki. Mbao na chokoleti! Wakati bibi zetu kwenye picha za ubatizo wamebaki meno na kola. Kwa hiyo mtu akiniomba nimng'arishe simcheki. Kakua akiona picha zake zinatoka giza, anadhani kosa ni la ngozi.

JIWE LA PEMBENI

Shem, ngozi ni ya mteja na hela ni ya mteja. Akitaka awe wa buluu mpe buluu, chukua chako. Wewe si mchungaji.

KIBATARI

Anayetaka buluu yupo fundi wake, sizuii. Albamu yenye jina langu haitoki hivyo.

MWANAFUNZI WA LENZI

Shikamoo kaka. Naanza, nina kamera ya kuazima na lenzi yake iliyokuja nayo. Harusi ya binamu ni mwezi ujao. Nikipima mwanga kwa shela, linatoka vizuri ila bwana harusi anapotea gizani, nikimfuata yeye shela linaungua lote, linabaki weupe mtupu. Na je, ninunue bodi mpya ya kamera kwanza? Nimeona zile zisizo na kioo ndani, bei inanitisha.

KIBATARI

Marahaba mdogo wangu. Bodi acha. DSLR ya zamani, ile yenye kioo, iliyotunzwa, lenzi ya 50mm f/1.8, fleshi moja na mwavuli, hapo umeanza. Pesa inayobaki weka kwenye kadi za kuaminika na betri ya ziada. Bodi mpya haitakupa mwanga ambao hukuutafuta.

Shela na bwana harusi: dawa ya kwanza ni kuwahamisha. Kwenye jua kali hakuna kamera itakayowapatanisha. Waweke kwenye kivuli kilicho wazi, mfano pembeni mwa jengo upande usio na jua, wote wawili wawe ndani ya kivuli na nyuso zitazame uwazi. Usiwaingize katikati chini ya mwembe, majani yanawapaka ukijani na vidoa vya jua vinachora nyuso. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Pima hadi shela liwe karibu kuungua ila mishono bado unaiona, halafu mjaze bwana harusi kwa fleshi ya nguvu ndogo ukiwa umesogea upande wake. Mweke yeye karibu zaidi na mwanga, bibi harusi nyuma kidogo. Suti nyeusi, ngozi nyeusi, na nyuma yake mlango mweusi wa kanisa, hapo hata mimi sifiki. Mtafutie ukuta.

Na shika kadi mbili. Ya ibada itoe, iweke mfukoni, usiitumie tena hadi umenakili picha zake sehemu mbili.

MSHIKA SHERIA

Mkuu, umegusia picha za watu wa porini. Vipi bomani? Nimeona wenzako wanapiga Wamaasai wanaziweka mtandaoni kuuza bila hata kuuliza jina. Kumbuka tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu imo. Droni nazo mnarusha tu kama tiara.

KIBATARI

Droni sirushi. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini ni kesi nyingine, nimeona niache. Harusi zinazotaka droni naleta kijana mwenye vibali vyake, analipwa kivyake.

Bomani, zamani tulikuwa tunalipa kiingilio kwa kiongozi wa boma tukidhani hapo tumemaliza na kila mtu. Siku hizi nakaa nao kwanza, namweleza kila anayepigwa picha itakwenda wapi, na anayesema hapana simbembelezi. Fomu ninayo kwa Kiswahili, lakini kwa wazee wasiosoma kijana wao anatafsiri kwa Kimaa na tunarekodi sauti. Ile printa ndogo naibeba na betri yake. Picha inatoka hapohapo mbele yao. Bibi mmoja aliitazama yake, akairudisha, akaniambia kwa ukali nirudie maana shanga za upande mmoja hazikuonekana. Nikarudia. Mteja mkali kuliko kamati zote.

KAHAWA CHUNGU

Hahaha, huyo bibi namjua wa aina hiyo. Nyumbani vipi, mzee wa kahawa yupo?

KIBATARI

Baba yupo Kibosho anachuma kahawa, mavuno yalianza Julai na yataenda hadi karibu na Krismasi. Nilipanda wiki iliyopita kumsaidia, nikabeba kamera, akanipa ndoo. Mlima siku hizi hauonekani, ukungu wa vumbi umeufunika. Ukitaka Kilimanjaro safi subiri mvua ya kwanza ya vuli isafishe anga, halafu amka kabla ya saa kumi na mbili. Kuna maharusi walinionyesha picha iliyotengenezwa na akili mnemba, wao mbele, mlima nyuma umekaribia mpaka unaugusa, pundamilia wawili bustanini. Wakataka kama hiyo. Niliwaambia pundamilia wana ratiba yao.

WANJA MWEUSI

Wangu alikuja na nyusi za akili mnemba. Tuyaache. Kaka, Desemba una nafasi? Ukoo wetu unapanda wote Marangu, hatujawahi kupigwa pamoja tangu babu afariki.

KIBATARI

Ipo, na Desemba yote nimeitengea kazi hizo, harusi sichukui. Njia yangu ni hii: nafika asubuhi kabla pombe haijazunguka, maana saa nane huwapati wajomba wamekaa mstari mmoja. Tunaanza na bibi akiwa amekaa, watoto wake nyuma, halafu kila tawi peke yake, halafu wote. Nachapa palepale, kila kaya inaondoka na yake, kubwa ya ukutani inafuata Januari. Malipo anakusanya mtu mmoja tu kwenye simu yake na ananitumia kabla sijapanda. Nisidaiane na mjomba mmojammoja.

BODABODA MSTAAFU

Hiyo printa bei gani na karatasi zinapatikana wapi? Nina wazo langu la stendi.

KIBATARI

Bei zinapanda na kushuka na dola, uliza Kariakoo kwa watu watatu kabla hujatoa hela. Cha kuangalia si bei ya printa, ni ya karatasi. Karatasi na utepe wa wino zinauzwa pamoja kwenye boksi, vinaisha kwa pamoja, kwa hiyo gawa bei ya boksi kwa idadi ya karatasi ujue kila picha inakula ngapi, ongeza picha chache za kuharibika, ndipo upange bei yako. Hakikisha betri yake inauzwa nchini. Na stendi kuna vumbi: karatasi inatoka nje kwa nyuma kila mara inapopitishwa, chembe moja ikikaa unapata mstari mweupe picha nzima. Tafuta kibanda chenye pazia.